Amplifaya Niliyomchagulia Dada Yangu

Kosa ni langu. Ninaliandika mwanzo kabisa ili usije ukasoma nusu ukaanza kunihurumia. Usinihurumie! Mimi mwenyewe nikikumbuka naona aibu, na nimeshapita miaka sitini, mtu mzima wa kuitwa babu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwetu ni Andoany, mji wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Huko watu husema Kimalagasi na Kifaransa, na sisi wenye asili ya Ngazija tuna Kingazija chetu cha nyumbani. Kiswahili nimekipata ukubwani, nilipohamia Mombasa. Dada yangu hawezi kuusoma ukurasa huu. Unaona? Hata katika kuungama nimetafuta mahali pa kujificha. Ndivyo nilivyo, nakwambia mapema ili unijue.

Dada yangu nitamwita Zaina. Si jina lake.

Mambo haya yalianza mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa Mahajanga, mji wa bandari kwenye kisiwa kikubwa, napiga gitaa katika bendi ya harusi. Nimesema gitaa? Gitaa la pili! Na hapa lazima nikueleze jambo, maana bila hilo hutauelewa uroho wangu. Siku zile vyombo vya muziki vilikuwa haba, madukani hakuna kitu. Bendi nzima inategemea amplifaya moja, na mwenye amplifaya ndiye mkuu. Hata kama hajui kupiga! Yeye anapatana na wenye harusi, yeye anakaa mbele, yeye anatengewa sahani yake ya pilau peke yake. Sisi wengine tunachomeka waya zetu kwenye tundu la pili la amplifaya yake, na akitaka anakupunguza sauti kwa kidole kimoja, unabaki unapapasa nyuzi mbele za watu kama bubu.

Mkuu wetu alinipunguza kila wimbo. Kila wimbo, jamani! Miaka minne nilipiga harusi ambazo hata mama wa bibi harusi hakujua kama nilikuwepo.

Sasa Zaina. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anachuma langilangi kwenye mashamba ya kule kisiwani, yale maua yanayokamuliwa mafuta ya manukato. Anatoka alfajiri, asubuhi ya saa nne amerudi, mikono inanukia. Nilipokwenda nyumbani kwa Idi nilimwachia gitaa langu kuukuu la umeme, lililopasuka ubavuni, nikamwonyesha mishiko mitatu ya vidole. Nilimwonyesha kwa mzaha tu. Siku ya nne akanipigia wimbo mzima. Kile kipande cha katikati ambacho mimi kilikuwa kinanishinda, yeye alikipita bila hata kukitazama.

Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni niliumia, sitakuficha.

Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi, halisikiki. Zaina akavumbua ujanja wake. Alikuwa akikaa mbele ya kabati la nguo la Mama, kabati la mti mzito, anagandamiza kichwa cha gitaa kwenye mlango wake. Mbao zinachukua mtetemo, na sauti inatoka ndani ya kabati, ndogo, lakini sauti. Anaweka na sikio pale pale. Miezi mingi alijifunza hivyo, sikio kwenye kabati.

Mama yetu alikuwa na chuo nyumbani. Aliwafundisha wasichana Kurani, asubuhi na baada ya adhuhuri, kwenye chumba cha mbele. Baba alikuwa ameshafariki, na chuo kile ndicho kilichompa Mama heshima yake mtaani. Kwa hiyo gitaa ndani ya nyumba ile halikuwa jambo dogo. Mama mwenyewe hakuwa mkali wa hivyo, utamkuta jikoni anaimba taarabu chini chini huku anakuna nazi. Zaina alipomwomba ruhusa ya kununua amplifaya, Mama alifikiri wiki nzima, kisha akakubali kwa sharti moja. Mtu akipita uchochoroni asijue kama ndani kuna gitaa. Siku mtu atakapojua, basi, imekwisha.

Zaina aliuza bangili zake mbili, akaniletea fedha Mahajanga kwa mkono wa jirani, pamoja na barua.

"Zoky," aliandika, maana zoky ndivyo kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa, "nichagulie ndogo, ya kusemea chumbani. Mama amesema uchochoroni isisikike. Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Wewe ndiye unayejua! Na kweli nilijua. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Mjinga angekuwa na la kujitetea.

Tena kwetu nyumba ni ya binti. Mama hujenga, binti hurithi, na kaka hana hata tofali moja. Kazi ya kaka ni kumsimamia dada yake katika mambo ya nje, siku ya posa, siku ya msiba, siku yoyote anayohitaji mtu wa kuaminika. Nakueleza hivi ili ujue ni kitu gani nilichokitemea mate.

Amplifaya ya kumfaa niliipata siku ya pili tu. Mwalimu mmoja Mfaransa alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, naye alikuwa na amplifaya ndogo, ukubwa wa kopo la biskuti lile la mraba. Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Nikachomeka gitaa langu, nikaweka sauti chini kabisa, na bado ilisema vizuri, kila uzi peke yake. Mwalimu akanionyesha tundu la upande wa nyuma. Ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza, anasikia yule anayepiga tu. Hedifoni zenyewe alizitoa bure.

"Hii ni ya kujifunzia," akaniambia. "Ya mtu mwenye majirani."

Hata kama ningeagiza fundi aitengeneze kwa ajili ya Zaina, asingeweza kuifanya imfae kuliko vile. Nikamwambia mwalimu nitarudi kesho.

Sikurudi. Jioni ile ile nilisikia kwamba bendi ya hoteli moja imevunjika na amplifaya yao inauzwa. Nikasema ngoja nikaitazame tu. Kuitazama tu!

Ilikuwa inanifika kiunoni. Spika mbili pana mbele, na ndani yake zile taa za kioo za mtindo wa zamani, ambazo ukiwasha lazima ungoje zipate moto ndipo sauti ije. Ukiiweka chini inakoroma, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Utamu wake unakuja ukishaifungulia, na ukishaifungulia mtaa mzima umeshapata habari. Kuibeba ni watu wawili. Na kwa kuwa ilikuwa kuukuu, bei yake ilikuwa sawasawa na ya ile ndogo.

Nikachomeka. Nikapiga. Mungu wangu! Mara ya kwanza maishani mwangu hapakuwa na kidole cha mtu cha kunipunguza.

Nilianza kujidanganya nikiwa nimesimama pale pale. Nikasema bei ni moja, kwa nini nimnunulie kopo? Nikasema Zaina atakua katika muziki, atakuja kuhitaji kubwa. Nikasema kubwa unaweza kuipunguza, ndogo huwezi kuiongeza. Maneno hayo nimeyasikia tangu hapo kwa watu chungu nzima wanaowachagulia vyombo wanaoanza, na kila nikiyasikia natamani kutema. Anayeanza hahitaji kelele! Anahitaji ajisikie mwenyewe anapokosea, na wengine wasimsikie. Hilo nililijua, nilikuwa nimeisikia ile ndogo mchana ule ule.

Nikanunua kubwa. Kwa bangili za dada yangu.

Na sikuipeleka. Nilimtumia Zaina salamu kwamba bado natafuta, vitu vimeadimika. Kisha nikamwita fundi wa mabango, akaniandikia jina langu la muziki nyuma ya amplifaya kwa rangi nyekundu, herufi za kiganja kizima. Nilisimama nikaitazama ile rangi mpaka ikakauka.

Harusi yangu ya kwanza kama mkuu ilikuwa Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Tuliipandisha amplifaya kwenye feri, nami nikaikalia juu yake njia nzima, sikutaka hata kusimama. Yule mkuu wetu wa zamani alikuwepo, amplifaya yake ilikuwa imeungua wiki ile. Akanijia kwa adabu, akaniomba tundu la pili. Nikampa. Kisha wimbo ulipokolea nikanyoosha kidole, nikampunguza. Nilicheka! Nikala pilau yangu kwenye sahani yangu peke yangu. 

Ikapita miezi miwili. Ikaja barua nyingine. "Zoky, kabati la Mama limeanza kuchubuka," aliandika, bado ana mzaha na mimi. "Mama anauliza, hiyo ndogo haijapatikana?"

Sikuwa na pa kukimbilia, maana jirani aliyeleta barua alikuwa ameniona harusini na amplifaya. Basi nikachukua msasa, nikalikwangua jina langu. Nikaifunga kwa magunia na kamba, nikaipakia kwenye boti ya mizigo iendayo Andoany.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye uchafu wenyewe. Sikuipeleka kwa sababu nilitubu. Niliipeleka nikijua itarudi. Nilijua haiwezi kukaa wiki katika nyumba ile. Nikajisemea, atajaribu, Mama atakataa, itarejeshwa kwangu bila mtu kunilaumu. Ndiyo maana sikuandika hata mstari mmoja wa maelezo. Sikumwambia kwamba taa zake zinahitaji kungojwa. Neno moja tu, "ngoja", nililibana.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye kwa Mama. Siku ile nyumba ya pili walikuwa na hitima, wamekaa ukumbini baada ya alasiri wanamsomea marehemu wao. Chuo cha Mama hakijamalizika, wasichana bado wapo. Zaina alikuwa amengoja mzigo ufike wiki nzima, akasema atajaribu uzi mmoja tu, chini kabisa, ajue kama inafanya kazi. Akawasha. Kimya. Akaongeza kidogo. Kimya. Akadhani imeharibika njiani, akazungusha mpaka mwisho, akapiga uzi mnene kuona kama kuna chochote.

Hapo ndipo taa zilipopata moto.

Mama alisema sauti ile ilipita juu ya mabati, na nyumba ya pili msomaji akakatika katikati ya aya. Watoto chuoni walipiga mayowe. Zaina alibabaika, hakujua azime wapi, na lile dude likaendelea kuunguruma na kulia peke yake, kama zinavyolia amplifaya kubwa gitaa likiwa karibu nazo. Mpaka alipochomoa waya ukutani, uchochoro ulikuwa umejaa watu.

Wiki ya tatu Mama akaja Mahajanga mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nikaona posiposi linakuja, kile kigari cha kuvutwa na mtu, na juu yake imefungwa amplifaya, na nyuma yake Mama anatembea kwa miguu na leso yake, hakutaka kukaa pamoja nayo. Mwenye posiposi na mimi tukaiingiza ndani. Nikamtengea Mama kiti, nikampa maji. Hakuyanywa.

"Watoto wanane wametolewa chuoni," akasema. "Wazazi wao hawakunitukana. Walikuja na adabu zao, wakachukua misahafu ya watoto, wakaaga. Ningependa wangenitukana."

"Pole, Mama."

"Nilisema ndogo. Nilisema uchochoroni isisikike. Sikusema hivyo?"

"Ulisema, Mama."

"Nimemuuliza Zaina, nani aliyechagua dude hili? Hakulia, hakujitetea. Kanijibu maneno mawili tu. Muulize zoky." Akanitazama usoni. "Haya, nimepanda boti kuja kukuuliza."

Ndugu yangu, neno lenyewe lilikuwa fupi. Mimi. Ningelisema, Mama angenikasirikia mwaka mzima, angeninunia, halafu ingekwisha, maana mtoto wa kiume husamehewa upesi. Zaina angebaki na gitaa lake. Labda tungetafuta ndogo nyingine.

"Ni yeye, Mama," nikasema. "Aling'ang'ania kubwa. Mimi nilimkataza."

Nilimkataza! Hilo la pili sijui lilitoka wapi. Uongo mmoja ulikuwa umetosha kabisa, nikauongezea mapambo.

 Mama akapumua, na sura yake ikalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua wewe usingenifanyia hivyo," akasema. Akanishika kichwani, akaniombea dua. Kwenye kichwa hiki hiki! Niliitikia amina.

Alipoondoka nilikwenda nikaikagua amplifaya kama imeumia njiani. Haikuwa imeumia. Na nikafurahi. Nakwambia nilifurahi, nikaipangusa vumbi, na Jumamosi yake nikaipeleka harusini.

Zaina hakunyang'anywa gitaa. Mama alimwambia libaki, lakini yeye asilisikie tena mpaka aingie kaburini, maana mtoto aliyemdanganya mama yake mara moja haaminiki mara ya pili. Ndivyo alivyoitwa dada yangu kwa miaka yote iliyobaki, katika nyumba itakayokuwa yake: mtoto aliyedanganya. Wachumba walikuja wawili, nasikia, na mara zote mbili Mama aliona ni wajibu wake kuwaambia kwamba binti ana ukaidi. Mmoja hakurudi. Wa pili Zaina mwenyewe hakumtaka. Barua zake kwangu zikakatika. Akinitumia salamu kwa watu ni "mwambieni sote tu wazima". Lile neno zoky halikuwemo tena.

Mimi nikawa mkuu wa bendi miaka na miaka. Nilisifiwa. Nilioa. Kisha mambo yakaharibika, bendi ikatawanyika, nikafuata kazi Mombasa. Kabla ya kuondoka niliiuza amplifaya kwa hoteli moja ya ufukweni, njia ya Antsanitia. Fedha nikaitia mfukoni. Haikunipitia akilini hata dakika moja kwamba ilikuwa ya mtu. Sema mwenyewe mtu kama huyu umuite nani!

Miaka ikaenda. Nikapata habari kwamba Mama hawezi, nirudi. Nilimkuta Andoany amelala chumbani, mwepesi mno, akili bado timamu. Zaina ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha, akimgeuza. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Tuliamkiana kama wageni.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa na Mama peke yetu, akaanza kuzungumza.

"Zaina ameniudhi kwa jambo moja tu maishani," akasema. "Lile dude lake. Na kwa lile nimemsamehe. Nataka ujue, nimemsamehe."

Nilimshika mkono. Mlango wa pili huo, Mungu alinifungulia, na mgonjwa amelala mbele yangu anangoja! Nikasema nini?

"Umefanya vizuri, Mama."

Basi. Hayo tu. Mama yangu akafa siku mbili baadaye, amemsamehe dada yangu kosa langu.

Baada ya maziko tulisogeza vitu ili watu wapate kukaa. Nikaenda kulisukuma lile kabati. Kwenye mlango wake, usawa wa mtu aliyekaa, mti ulikuwa umechimbika. Rangi hakuna, mbao imeliwa ndani, upana wa kiganja, laini kabisa. Nikapapasa kwa kidole. Hapakuwa na vumbi hata chembe.

Hakuwahi kuacha! Miaka yote ile, kichwa cha gitaa kwenye kabati, sikio kwenye mti, na Mama chumba cha pili hasikii. Nilikaa chini pale pale, watu wakadhani namlilia Mama.

Nikajiambia nitalipa. Kabla ya arobaini nilivuka kwenda Mahajanga, na siku hizi vitu vimejaa madukani, mtu huchagua tu. Nikapata amplifaya ndogo mpya, nzuri, tundu la hedifoni lipo, hedifoni zake zipo. Njia nzima ya kurudi niliipakata magotini. Nilijiona mtu mwema. Naam, nilijiona hivyo!

Siku iliyofuata arobaini, wageni wameshaondoka, tukabaki wawili. Nikaiweka mbele yake.

"Ndogo," nikasema. "Hii hata ukipiga mchana kutwa, uchochoroni haisikiki."

Zaina aliitazama muda. Kisha akanitazama mimi.

"Nani aliyekwambia nataka isisikike?"

"Mama alisema..."

"Mama yuko kaburini. Chuo kimekwisha, nyumba ni yangu. Nimepiga bila kusikika tangu nina miaka ishirini na miwili. Sasa nataka wanisikie mpaka bandarini." Akanyoosha mkono. "Ile kubwa iko wapi? Ile ya bangili zangu. Nirudishie ile."



"Niliiuza," nikasema.

"Pamoja na jina lako la nyuma yake?"

"Uliliona?"

"Siku nilipofungua magunia. Ulikwangua vibaya, nyekundu ilibaki kwenye nyufa za mbao. Nikajua imepigwa harusi ngapi kabla ya kunifikia." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Nikamwambia Mama akuulize wewe. Nilikuwa na hakika utasema. Mama aliporudi na jibu lako, nikasema labda ataandika. Hukuandika. Nikasema labda akija. Ukaja. Siku ile Mama anaongea na wewe, nilikuwa mlangoni na bakuli la uji."

"Zaina, nisamehe."

"Nilikuwa nangoja useme Mama akiwa hai, zoky."

Aliniita zoky! Mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, na ningetoa chochote asiniite hivyo. Angenitemea mate ningepata nafuu. Angetupa ile amplifaya ukutani ningemshukuru. Aliisukuma tu kwangu kwa mguu, polepole.

"Chukua kopo lako," akasema.

Akachukua gitaa, lile lile lililopasuka ubavuni, akaenda kukaa mbele ya kabati na mgongo wake kwangu. Akaweka kichwa cha gitaa kwenye lile shimo. Niliona bega lake likianza kwenda.

Nikatoka na kopo langu mkononi. Nikasimama uchochoroni, dirisha liko wazi juu ya kichwa changu. Nikakaza masikio. Mtu mmoja akapita na kikapu cha samaki, akaniamkia, akaenda zake.

Sikusikia kitu. Dada yangu alikuwa ndani anapiga, na mimi uchochoroni nilikuwa kama asiyejua.

Basi wewe unayesoma, siku ukitumwa na mtu anayeanza, "nichagulie, wewe ndiye unayejua", shtuka! Mchagulie ndogo inayosema vizuri ikiwa chini, anayoweza kuibeba mwenyewe, yenye tundu la hedifoni kama ana majirani au mama mwenye sharti. Mwandikie namna ya kuiwasha. Na mkono wako ukianza kuipapasa ile kubwa ya pembeni, uondoe, maana hapo humnunulii yeye tena. Muulize anataka nini, ungoje akujibu. Mimi nimemchagulia dada yangu mara mbili, na mara zote mbili sikumuuliza.

Lile kopo ninalo hapa Mombasa, chini ya kitanda, sijaliwasha hata mara moja. Gitaa nimeacha. Kila nikishika nyuzi naona kidole kinanyooka kumpunguza mtu sauti, na kidole chenyewe ni changu.